Safari ya Kumrudisha Joyce Mitole

Agnes alikuwa amelima ufuta na mihogo kijijini Mitole maisha yake yote, na hakuwahi kuvuka Dar es Salaam. Mwanza alikwenda kwa sababu ya dada yake, Joyce, mjane aliyevunjika nyonga, ambaye mwanawe Benjamin hakuwa na mtu wa kumwachia akienda kazini.

"Nitakuja kumchukua," Agnes alimwambia Benjamin kwenye simu.

Alipanda basi Nangurukuru, akalala kwenye benchi la stendi Dar, alfajiri akapanda jingine. Aliposhuka Mwanza usiku, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii.

"Sasa nimejua kwa nini hukuja kumzika mama," alimwambia Joyce. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa limemkaa Agnes rohoni.

"Ni mbali, mdogo wangu," Joyce alijibu, akitazama chini.

Benjamin aliona basi lingemmaliza mama yake, akawakatia tiketi za ndege. Joyce alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, wakakalishwa, wakafungwa mikanda. Rubani akatangaza kwamba hadi Dar es Salaam wangetumia saa moja na dakika ishirini.

"Amesema tutatumia saa ngapi?" Joyce aliuliza.

"Moja na kitu."

Waligawiwa juisi. Joyce alikuwa bado ameshika kikombe chake, hajakipeleka mdomoni, ndege ilipoanza kushuka.

"Alipokufa mama, Benjamin alitaka nipande ndege," alisema. "Nikamwambia ndege ni ya wakubwa. Sikumuuliza hata inachukua muda gani. Ningewahi, Agnes."

Agnes alimsikia. Maneno makali aliyomwekea siku zote hizo alikuwa nayo, lakini mwili haukuwa na nguvu ya kugombana. Akampokea kile kikombe, akamrudishia mhudumu.

Kutoka Dar walipanda basi, na barabara ya kusini ndiyo iliyowatesa. Mvua ilikuwa imekula kingo za daraja moja, magari yakasimama mpaka giza likaingia, wakalala humo humo garini. Kila gari lilipoingia shimoni Joyce aliguna, akamwegemea mdogo wake. Nangurukuru walikodi bajaji. Walipofika nyumbani Joyce akataka apelekwe makaburini saa hiyo hiyo.

"Kesho, dada. Leo lala."

Kesho yake walikwenda polepole, Joyce akitembelea magongo. Kaburi la mama yao lilikuwa limemezwa na majani. Tangu palizi ianze Agnes hakuwa amepata nafasi ya kufika, na mbele ya dada yake aliona haya.

"Na mimi niliye karibu ndiyo hivi," alisema.

Joyce hakuweza kuinama, basi alisimama akimwonyesha kwa gongo, pale kwenye msalaba, na pale miguuni, na Agnes akang'oa. Jua lilipokuwa kali wakaanza kurudi. Joyce alisimama mara kwa mara kuvuta pumzi, na Agnes hakumharakisha.