Glavu Nyeupe za Donat

Kaka yangu Donat hajui kukaa. Hata akiketi, goti lake moja linacheza, macho yako mlangoni, na kabla hujamaliza kumwuliza habari za watoto amekwisha kusimama kwenda kuangalia gari. Gari lipo. Lilikuwepo hata muda mfupi uliopita, na halina miguu. Lakini Donat ataenda, ataligusa, atachungulia ndani, atarudi, atakaa, na goti litaanza tena. Mama yetu, Adolphine, humwita kuku anayetaka kutaga. Mimi Mado, mdogo wake, namwita mabaya zaidi.

Lakini mtu asimcheke kabla hajamjua. Kwa miaka mingi Donat aliendesha teksi ya tajiri mmoja, akibeba watu kati ya mtaa wetu wa Katuba na mjini, na siku nyingine akitumwa mpakani Kasumbalesa. Usukani wa gari lile ulikuwa umechakaa, ngozi yake ya bandia inabanduka vipande vyeusi vidogo vidogo. Na mikono ya Donat hutoka jasho kila anapokuwa na wasiwasi, yaani kila siku ya Mungu. Jioni alirudi na viganja vyeusi kama muuza makaa. Ananawa, anasugua, anakaa kula, anakata tonge la bukari, ugali wetu, na doa jeusi liko pale juu ya bukari nyeupe. Mama hakusema mengi.

"Rudia kunawa," alisema. "Hapa hatukulake motokari ya bantu."

Gari la watu, si lake: maneno yale yalimchoma. Aliponunua gari lake mwenyewe, Toyota ndogo iliyotumika, yenye usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia kupitia Zambia, aliapa kwamba usukani huu hautabanduka. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Alifunika viti kwa plastiki, akatandika zulia juu ya zulia, kisha akaanza kutafuta glavu za kushikia usukani.

Alizunguka soko zima. Alipata za mafundi wa kuchomelea, nene, ngumu, huwezi hata kukunja kidole. Za ngozi laini hakuziona. Mwishowe alirudi na jozi moja ya pamba, nyeupe pee, aliyoinunua kwa wauza mashada ya maua karibu na mochari. Akazivaa mbele yangu, akashika usukani, akanitazama kama bwana harusi.

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "iyi ni ya kubebea maiti."

"Ni pamba tu, Mado. Jasho itabakia mule ndani, volan itabakia muzuri."

Kwetu Wakatoliki wa Katuba hakuna asiyezijua glavu zile. Vijana wa kukodiwa, suti nyeusi, glavu nyeupe, jeneza begani, wanakwenda hatua mbili mbele na moja nyuma. Ndivyo alivyobebwa baba. Siku ile tajiri alikuwa amemtuma Donat Kasumbalesa na hakutaka kusikia habari za msiba. Donat alifika jeneza limekwisha kuinuliwa. Alikimbia kwenda kuweka bega lake, na mmoja wa vijana wale akamzuia kifuani, kwa upole, kwa mkono wake mweupe, maana nafasi zote zilikuwa zimejaa. Hatukulizungumza jambo hilo tena nyumbani. Mimi bado linaniuma.

Basi mtu huyohuyo akaenda kununua glavu zilezile na hakuona kitu. Aliona usukani tu. Hasira zilinipanda.

Abiria wakaanza kusita. Mwanamke mmoja alifungua mlango, akaiona ile mikono, akaufunga taratibu, akafanya ishara ya msalaba. Zakari, dereva mwenzake, Mwislamu ambaye mambo ya majeneza ya kukodi hayamhusu, alimtania kituoni mbele ya watu: "Chauffeur, unatupeleka ku mji ao ku makaburi?" Wote walicheka. Donat hakucheka, wala hakuzivua. Alichofanya ni kusimama kila siku mtaa mmoja kabla ya kwetu, kuzificha chini ya kiti, ndipo aje nyumbani. Kwa hiyo alijua. Kwa mama hakuthubutu.

Mwezi wa kumi ukaja na joto lake, mawingu yanajikusanya kila alasiri na mvua hainyeshi, kila mtu ana neno la kugombana. Mama alikuwa anachambua matembele uani. Ghafla aliweka ungo chini, akashika kifua, akasema hewa haimtoshi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpigia Donat simu, nikapiga kelele tu, sikumbuki nilisema nini.

Alikuja mbio, akaacha mlango wa gari wazi, akapiga magoti mbele ya mama na kumnyooshea mikono ili amwinue. Ilikuwa myeupe. Alikuwa amesahau.

Mama alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Donat. Mi siyafwa bado."

"Mama, twende, tunachelewa!"

"Ile ma-gants ndiyo ilibebaka baba yenu. Siingie mu motokari yako." Alikuwa anahema kati ya neno na neno. "Afazali nikufie hapa ku nyumba yangu."

"Mama, ni ya volan tu! Ni juu volan isiaribike!"

Nilitamani kumpiga kofi. Mama anakata roho, yeye anaeleza habari za usukani. Lakini nilipomtazama usoni nikaona kwamba sasa ndiyo ameiona mikono yake mwenyewe. Alizivua haraka, moja ikageuka ndani nje, na vidole vyake vilikuwa vimelowa chapachapa. Mama akanyoosha mkono.

"Leta."

Akampa. Mama akazikunja, akazitia kifuani ndani ya blauzi, ndipo akakubali kuinuliwa.

Alitaka kukaa mbele, kwenye dirisha. Sasa, hapa kwetu magari yanapita upande wa kulia, na usukani wa Donat uko kulia vilevile. Dereva wa namna hiyo akiwa nyuma ya lori haoni mbele kabisa. Anayekaa kushoto kwake ndiye jicho lake, na yeyote anayekaa mbele anajua kwamba ana kazi. Mimi nilikaa nyuma ya mama, sala zote nilizofundishwa zimenichanganyikia kichwani.

Mbele yetu kulikuwa na malori ya madini, moja nyuma ya jingine.

"Mama, nipite?"

"Ngojea. Camion iko inakuya." Kisha, "Pita."

Tukapita. Mikono ya Donat iliteleza kwenye usukani, akawa anaipangusa kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, nipite?"

"Pita."

Lori la tatu lilikuwa refu na lilitambaa.

"Mama, nipite?"

Kimya.

"Mama?"

Niliona kitambaa chake cha kichwa tu, kimeegemea kioo. Donat aliachia usukani kwa mkono mmoja, akaushika mkono wa mama.

"Mado, mukono yake iko baridi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mado, sioni mbele."

Nikatoa kichwa nje ya dirisha, vumbi likanijaa machoni. "Pita!" nikapiga kelele. "Pita, yaya, pita!" Akapita kwa mkono mmoja, ule mwingine hakuuondoa mkononi mwa mama mpaka mlango wa hospitali.

Ulikuwa moyo. Madaktari walimshika kwa wakati, wakamlaza, wakampa vidonge vya kumeza maisha yake yote, na akarudi nyumbani mkali kuliko alivyokwenda.

Glavu hakuzirudisha. Donat alivumilia mpaka mvua zilipoanza, kisha Jumapili moja, goti likicheza, akasema: "Mama, nirudishie ile ma-gants. Volan inaanza kutoka ngozi."

"Hapana," mama akajibu. "Nimeiweka mu valizi, pamoja na kikwembe yangu na rozari." Tulijua sote ni kikwembe gani: kitenge kile alichokwisha kukichagua kwa siku ya kuzikwa. "Siku yangu ikifika, sitaki bantu ba kukodisha. Weye mwenyewe njo utanibeba. Utavala iyi."

Niliangua kilio palepale. Donat hakulia. Goti lake lilikuwa limetulia. Kisha alisimama, akatoka kwenda kuangalia gari, na safari hii alikaa huko muda mrefu.

Aliporudi chakula kilikuwa tayari. Alinawa, akasugua, akakata tonge, na doa jeusi likabaki pale juu ya bukari. Mama akaliona. Donat naye akaliona, akaanza kuinuka kwenda kunawa tena.

"Ikala," mama akasema. "Iyi ni motokari yako. Kula."