Mama Upawa na Mlango wa Chumba cha Uji

Alizaliwa mwaka 1931, msimu wa mvua haba, katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Baba yake alikuwa msagaji, na mama yake alifagia unga uliomwagika sakafuni ili wanawe wapate cha kutia tumboni. Hata hivyo njaa ilimchukulia kaka zake wawili. Labda ndiyo iliyompa jicho lile la kutomwamini mtu: akiona sufuria imefunikwa, lazima afunue. Wito ulimjia angali msichana, akawa mtawa, na parokia ikamkabidhi chumba cha uji cha watoto waliodhoofu. Ndipo alipoitwa Mama Upawa.

Kanuni yake ilikuwa moja: mgonjwa ale ndani, mlango umefungwa, mama asubiri nje. Alihofu uji wa mgonjwa ungeishia kwa wazima. Nao akina mama, wakichomwa na jua, walimshuku yeye.

"Kwani anawapa nini hata ajifungie?"

"Maji ya uvuguvugu, shoga. Unga anaujua mwenyewe."

Akaletwa binti mdogo, miguu kama njiti. Bakuli lake lilirudi tupu kila siku, lakini akining'inizwa kwenye mizani, mshale palepale. Haya, kitendawili: bakuli tupu, tumbo tupu, uji umekwenda wapi? Mwenyekiti wa kamati ya parokia, mwenye ufunguo wa ghala la unga, aliona jibu ni jepesi: mtawa anauza unga. Mtawa naye alimshuku mama wa mtoto. Siku moja akawafuata nyumanyuma hadi kwao, akasubiri mama aende bombani, akachungulia. Binti alikuwa amefungua mkebe aliouficha kiunoni chini ya gauni, anamlisha mdogo wake uji kwa kidole.

Mama Upawa akaingia. "Kwa nini, mwanangu? Si ningempa na yeye?"

"Hajakonda vya kutosha, Mama. Ulimpima, ukamrudisha."

Mama Upawa akatoka. Akaenda bombani, akapiga magoti kwenye tope mbele ya wanawake wote, akamwomba yule mama msamaha. Kesho yake aling'oa mlango wa chumba cha uji, akaulaza juu ya matofali ukawa meza, akawaketisha wagonjwa na ndugu zao.

Mwenyekiti alifika anahema. "Sista, hawa si wagonjwa! Unga ukiisha tutawazika wote."

"Tukisubiri wakonde ndio tuwalishe, mzee, tutawazika vilevile."

Mwenyekiti akafunga ghala. Tusimlaumu upesi; unga ulikuwa haba kweli, na majuma yale uji ulikuwa mwepesi, na wapo watoto ambao hawakupona. Lakini sasa hapakuwa na mlango, na wanawake waliomteta waliona kwa macho yao upawa ukikwangua sufuria. Mmoja akaleta unga kwenye ncha ya kanga, akafuata mwingine. Mshale wa yule binti ukapanda. Mwenyekiti akalifungua ghala mwenyewe, bila kuombwa.

Mama Upawa alifariki mwaka 1988, mikono ikinuka moshi. Waumini husimulia kwamba sufuria ile ilijijaza yenyewe. Hilo msilimeze harakaharaka; waulizeni wanawake wa bombani, watawaambia nani alileta nini, na Mungu ametukuzwa hapohapo.

Anayetaka kumfuata asihesabu mabakuli matupu akalala usingizi. Mtoto akimaliza uji upesi mno, akatabasamu, akashukuru, mshuku kwa upendo. Inama, umuulize: nyumbani kabaki nani?