Baba Ndani ya Koti

Kazi nimebadili nyingi, lakini hakuna niliyoipenda kama ile ya mkalimani wa gari la sinema. Miaka hiyo ya hamsini tulitoka Iringa, tukapita Nyololo, tukafika Mbeya tumejaa vumbi, na picha moja ya Kiingereza ya kuchekesha. Bwana mwenye gari kuukuu anampenda bibi mwenye gari kuukuu zaidi, na bibi amesema ataolewa naye siku bwana huyo atakapompita mlimani. Nilishika kipaza sauti nikawasemea wote wawili. Hata magari yalipokohoa, nilikohoa mimi.

Mke wangu, tuliyeoana naye miezi miwili tu iliyopita, alikuwa ananingoja Mbeya. "Nimechoka kusimuliwa," akasema. "Leo naiona mwenyewe." Kesho yake tulikuwa tunaondoka na picha, na haikujulikana kama ingerudi tena.

Jioni hiyohiyo baba yangu akashuka kwenye lori la Tukuyu, amekuja kumsikia mwanawe. Sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia njiani, huingia migombani mpaka apite. Kiwanja cha sinema kilikuwa kimoja, na shuka ya kuonyeshea ni moja. Mmoja wao ilibidi abaki nyumbani, na nilijua ni yupi.

Dereva wetu, Mhehe, akacheka. "Shuka ina pande mbili, bwana. Shemeji akae nyuma. Ataona yote, ila magari yatakwenda upande mwingine."

Basi mke wangu akakaa nyuma ya shuka na wanawake wenzake, baba akakaa mbele na wazee. Mbele wakicheka, nyuma wanacheka. Magari yalipoanza kupanda mlima, upepo ukaikamata shuka ukaipeperusha juu, na mwanga wa mtambo wa picha ukawamwagikia walioko nyuma. Mke wangu alikuwa amekwisha simama, kanga usoni, anatafuta pa kutokea. Nikakishusha kipaza sauti.

"Mkalimani, umemeza kipaza sauti?" mtu akauliza.

Baba alikuwa amevuta koti lake refu la jeshi, amejifunika kichwa mpaka magotini.

"Mwanga huu unaniumiza macho," akasema kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima. "Walioko nyuma wakae. Na wewe, mwanangu, sema vizuri, maana sioni."

Mke wangu akakaa. Dereva akaifunga shuka upya, lakini baba hakutoka kotini, upepo usije ukarudi. Nikamsimulia kila kitu: moshi, kofia ya bibi ilivyoruka, bwana alivyoshuka kusukuma gari. Bibi, alipoona mwenzake hafiki, akakanyaga breki kwa makusudi, akampisha. Pale juu kileleni wakapigana busu, refu. Nikamtazama baba, nikasema, "Wameshikana mikono."

Kiwanja kikaangua kicheko.

"Mikono gani hiyo?" baba akauliza kutoka ndani.

Nyuma ya shuka mke wangu alicheka kuliko wote. Nikabaki natazama koti linavyotikisika.