Goti la Mama

Mwezi uliopita, huko Kinjumbi, nilipomaliza kuzungumza na akina mama kuhusu uvimbe wa maziwa, bibi mmoja alinivuta pembeni, akapandisha kanga, akanionyesha goti. Msomaji wangu, ilibidi nikae chini. Goti lile nililijua tangu utotoni, zamani za Mwingereza.

Kwetu Pande asubuhi ilianza na mchi wa mama. Nguo zingali zinanuka moshi wa korosho za jana, yeye tayari anatwanga muhogo: pigo zito, kimya, pigo jingine. Mwaka ule mapigo yakalegea. Nilipochungulia, mchi ulikuwa umehamia mkono wa kushoto. Kisha, nikifua kanga zake, nikaona doa, mahali pa ziwa la kulia.

Zahanati ilikuwa na dresa mmoja tu, ndiye mfunga vidonda na mtoa dawa, naye ni mume wa dada yangu. Kwetu mtu hakai mkeka mmoja na mkwewe, sembuse kumfunulia kifua. Basi mama alikwenda akaonyesha goti. Akarudi limefungwa bendeji. Akaenda tena, likapakwa iodini. Jirani yetu akamnong'oneza, "Mficha uchi hazai, shoga."

Mama akacheka. "Mimi nimeshazaa. Wanne wanatosha."

Safari ya tatu nilimfuata. Dresa alipoanza kufungua bendeji, nikasema, "Shemeji, si goti. Ni ziwa."

Mama alinifinya mpaka nikatokwa machozi. Shemeji akatoka nje bila kugeuka, akamtuma dada aingie aangalie badala yake. Dada alitoka analia. Hospitali ya Lindi walisema ni saratani, imeshatambaa.

Siku moja, amelala ubavu, mama aliniambia, "Umenitia aibu, mwanangu." Akapumzika. "Ungenitia mapema."

Korosho mpya hakuziona. Mimi nikawa mtu wa kupanda ngazi za maofisi, za bwana wilaya na baadaye za mawaziri, nikiomba kila zahanati iwe na mhudumu mwanamke. Nimeitwa msumbufu, nimeitwa asiye na haya. Pande siku hizi muhogo husagwa kwa mashine. Kinu cha mama kilipasuka, kikawa kuni, na mlio wake nausikia peke yangu.

Nililishika goti la bibi yule wa Kinjumbi. Lilikuwa zima kabisa.

"Bibi," nikamwuliza, "dresa wa hapa ni nani wako?"

Akainamisha macho. "Kamwoa binti yangu."

Tukaingia ndani, nikafunga mlango.