Neno Moja Mlangoni

Fundi wa kuandika milango ya wizara walimwita Herufi, na jina lake la nyumbani likabaki kwa mkewe tu. Alichukuliwa kibarua cha miezi mitatu wiki ile bendera mpya ilipopandishwa. Sasa nchi ilikuwa na miaka mitatu, na miezi mitatu yake ilikuwa bado haijaisha.

Hilo lisingemnyima usingizi, ila nyumba. Yeye na mkewe walikaa kwenye vyumba viwili vya serikali nyuma ya karakana, na karani wa nyumba alikuwa ameshawaambia: mwaka ukiisha bila barua ya ajira ya kudumu, wafungashe virago. Barua yenyewe ilikwisha kuchapwa zamani. Ilingoja saini ya Waziri wa Michezo na Mambo ya Umma, mtu wa mambo mengi, hasa michezo.

Kila waziri mpya alipoingia, mkewe aliuliza lile lile huku akimpokea ndoo ya brashi: "Anaonekana mtu wa kusaini?"

Wa mwaka ule alionekana. Kifua mbele, kalamu mbili mfukoni. Akaahidi kusaini mara tu baada ya mechi ya taifa dhidi ya jirani, maana kabla ya hapo hata chai alikuwa anainywa wima. Herufi akaagizwa kuchora namba za ubao wa magoli. Akauliza achore mpaka ngapi. Waziri akamtazama kama aliyetukanwa, akasema mwisho tatu, kwani kuchora nne ni kukosa uzalendo. Haya. Herufi akachora sifuri, moja, mbili na tatu, kila namba vibao viwili.

Jirani walifunga sita. Lilipoingia la nne, Herufi kule juu ya ngazi alihangaika weee, mwishowe akatundika tatu na pembeni yake moja, akitumaini watu watajumlisha. Nani ajumlishe? Mpira ulipoisha ubao ulikuwa na vibao viwili vya tatu, kimoja kando ya kingine, na mtangazaji wa redio, aliyekaa nyuma ya nguzo akitegemea ubao huo huo, akaitangazia nchi kwamba tumefungwa thelathini na tatu kwa bila. Jumatatu waziri akamwaga unga. Barua ya Herufi ilikutwa mezani pake, chini ya kikombe.

Ofisi ikakaa wazi, kisha akaletwa Kaimu. Huyu alikuwa mpole, zamani mwalimu wa hesabu, na ndiye wa kwanza pale wizarani kumuuliza Herufi jina lake halisi. Lakini kaimu, akaeleza katibu muhtasi, hasaini ajira ya kudumu. Yeye mwenyewe si wa kudumu. Mwaka ulibakiza wiki mbili. Mkewe Herufi alishaanza kufunga vyombo kwenye magazeti.

Karatasi ya mlango ilipomfikia, aliisoma mara mbili: KAIMU WAZIRI. Akachanganya rangi. Akapima kwa rula. Halafu akaandika WAZIRI kwa herufi kubwa zenye kivuli, na lile neno la mbele akaliacha ndani ya kopo. Akiulizwa, angesema nafasi haikutosha.

Hakuna aliyeuliza. Siku ya kwanza Kaimu alisimama mbele ya mlango, akafuta miwani, akasoma tena. Siku ya pili aliingia mgongo umenyooka. Ya tatu akavaa tai mpya. Serikalini habari za vyeo huja kwa njia nyingi, na bwana yule akaamini yake imepitia mlangoni. Ijumaa akaita mafaili yote yaliyolala, akasaini mpaka wino ukamwishia. La Herufi lilikuwa la nne kutoka juu.

Karani wa nyumba akaigeuza barua mbele na nyuma, akakosa kasoro, akapiga muhuri. Mke akafungua vyombo kimoja kimoja akicheka peke yake.

Wiki iliyofuata Kaimu akajiita waziri kwenye hotuba. Wakubwa wakamwita, wakamuuliza ni nani aliyemteua. Masikini hakujua kusema uongo, akajibu aliona mlangoni. Aliporudi kuchukua mwavuli wake alimkuta Herufi na kisu, anakwangua rangi. Herufi alitamani ardhi ipasuke.

"Kivuli ulikiweka vizuri, fundi," akasema yule bwana, na akamalizia kwa jina lake la nyumbani.

Saini za Kaimu hazikufutwa, maana kuzifuta kungekuwa kukiri kwamba wizara nzima iliongozwa na mlango. Kamati ikamwandama Herufi badala yake, ikapendekeza afukuzwe. Ila mtumishi wa kudumu hafukuzwi hivi hivi. Inatakiwa saini ya waziri, tena waziri kamili. Faili likawekwa mezani, na mtu akaweka kikombe juu yake.

Mwezi wa pili akateuliwa mpya. Herufi akamwandikia mlango wake, kila neno mahali pake, akarudi nyumbani. Mkewe akampokea ndoo, akachungulia nje, akafunga mlango kwanza.

"Mume wangu, huyu naye anaonekana mtu wa kusaini?"