Tawi kwenye Njia Panda

Oktoba iliyopita binti yangu alinitoa nyumbani kwetu Castle Vale, hapa Uingereza, akanipeleka kutembea kwenye msitu ambako wametengeneza njia mpya. Changarawe ilikuwa bado safi, majani ya manjano yakiiangukia, na kila njia panda ilikuwa na nguzo yenye mshale. Yeye alifurahi. Mimi nilinuna, maana sipendi msitu unaonielekeza kama mtoto.

Kwenye njia panda ya kwanza tulishika kulia. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimevunja tawi na kulilaza katikati ya njia ya kushoto. Kwetu Kivu, Kongo, anayetangulia hufanya hivyo, ili anayemfuata ajue njia ile siyo. Mama yangu alikuwa akitangulia shambani alfajiri, nasi watoto tukimfuata kwa matawi yake, na hatukupotea hata siku moja.

Nilimweleza binti yangu. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Alisema mishale ipo, na tena nyuma yetu hakuna mtu.

Nikamwambia najua.

Siku tuliyokimbia vita, nilitangulia mimi, na yeye mgongoni, mchanga bado. Mama alisema niende, atakuja polepole kwa sababu ya magoti yake. Njia panda zilikuwa nyingi, na kwenye kila moja nililaza tawi, nikalikandamiza kwa jiwe lisipeperuke. Mpaka leo sijui aliishia kwenye tawi lipi.