Kinanda Kilichochelewa Kuitika

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kinanda, nikiwa mdogo, kanisani kwao Ruangwa. Miaka ya elfu mbili, nilipofungua studio katika chumba changu cha kulala Nachingwea, kwaya yake ndiyo iliyokuja kurekodi kwanza. Nilikuwa na kompyuta moja ya mtumba, na ukutani nimebandika trei za mayai kupunguza mwangwi.

Shangazi alivaa hedfoni asikie ngoma tuliyokwisha kurekodi, akapiga kinanda. Niliposikiliza tulichorekodi, kinanda kilikuwa nyuma ya ngoma.

"Shangazi, unachelewa."

Akarudia, ikawa vilevile. Safari nyingine akajitahidi kuwahi, akavuruga kila kitu. Waimbaji walikuwa wamebanana mlangoni, wanasikia.

"Mapigo yamekushinda," nikasema. "Acha, nitapiga mwenyewe."

Alivua hedfoni, akaziweka mezani taratibu. Jioni walipanda gari kurudi Ruangwa.

Kesho yake niliketi kupiga sehemu yake. Nilibonyeza, sauti ikaja baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa yuko uani. Nikabonyeza tena, hivyo hivyo. Sauti ya kinanda ilikuwa inaingia kwenye kompyuta, inakawia humo, ndipo inarudi masikioni. Hata ukipiga sawasawa, inasikika na kurekodiwa imechelewa.

Nilipanda gari la kwanza. Nilimkuta Shangazi uani kwake anapepeta ufuta. Alikuwa ameshamwambia mwalimu wa kwaya atafute mpigaji mwingine.

"Vidole vimezeeka, mwanangu," alisema kabla sijakaa.

"Si vidole, Shangazi. Ni mashine yangu. Mimi ndiye sikuijua."

Aliweka ungo chini. "Una hakika? Usiseme hivyo kwa kunihurumia."

Ilibidi nimweleze upya ndipo akakubali kurudi studio pamoja na kwaya. Safari hii nilimwacha asikie sauti kwa spika ya kinanda chenyewe, bila kupitia kompyuta, na baadaye nikaisogeza sauti iliyorekodiwa ikae pamoja na ngoma. Alipiga wimbo mzima bila kusita.

Wakati wa kuondoka, mwimbaji mmoja alinishika bega. "Naona shangazi yako kafanya mazoezi."

"Hapana. Kosa lilikuwa la kompyuta yangu. Na langu."

Aliitikia kwa kichwa huku akitabasamu, kama mtu anayemwelewa kijana anayemsitiri shangazi yake. Nikaanza kumweleza tena.

"Sawa, kaka," alinikatiza kwa upole. "Tumeelewa."